Wifi na Maji Mafu

Jumatatu, 4 Agosti

Leo msimu wa vipimo umeanza, na kiongozi wangu ni wifi yangu. Nimeiandika sentensi hiyo taratibu nione kama maumivu yatapungua. Hayakupungua hata chembe.

Naweka mambo yalivyokuwa, maana watu wakizeeka huanza kusamehe ovyo, na mimi sitaki yanikute. Mwaka jana ni mimi niliyeugawa mto huu katika makundi. Mto mkubwa si kitu kimoja. Una maji ya kina yanayokimbia katikati, una maji mapana yenye mchanga, una kingo zenye magogo yaliyozama, una mikono inayojitenga nyuma ya visiwa kisha ikarudi mtoni huko chini. Kila mahali pana wakazi wake. Ofisi yetu hupima kina, kasi na sakafu ya kila mahali, kisha husema viumbe wanaishi vizuri wapi na wapi hawaishi, ili Bodi ya Mto ijue pa kugusa na pa kuacha. Makundi yale niliyatunga kwa msimu mzima, tope hadi kwenye nyusi. Kisha mama yangu akalazwa. Nikampa wifi kazi yangu aichape. Kuichapa tu! Nilipotoka hospitali nikakuta ameshaiwasilisha mbele ya Bodi, jina la juu ni lake, na uongozi wa tathmini nzima ameshapewa.

"Si tulifanya pamoja, wifi," akaniambia huku akinikumbatia.

Pamoja! Kupe naye akishuka mgongoni kwa ng'ombe husema tumelima.

Mume wangu, ambaye ni kaka yake, alitoa neno lake la siku zote: "Yaishe." Tangu siku hiyo nimempa jina la Bwana Yaishe. Yeye mwenyewe hajui.

Jumanne, 5 Agosti

Ukungu asubuhi, jua kali mchana. Wifi kavaa kofia mpya yenye neno KIONGOZI. Sitanii.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimepewa zawadi, na aliyenipa hajui kama ametoa.

Kwenye boti tuko watatu. Nahodha anaendesha. Wifi anasoma vyombo: kina, kasi ya mkondo, sakafu. Mimi naandika. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba anayeandika lazima arudie kwa sauti alichosomewa, ili kosa lisipite kimyakimya. Kwa hiyo kutwa nzima yeye anasema "mita mbili na nusu", na mimi, mtu mzima mwenye shahada, namfuatisha "mita mbili na nusu", kasuku wake.

Tulipofika kwenye maji yasiyo na mkondo nyuma ya kisiwa cha kwanza, akasoma kundi: "Maji mafu."

Nikaitazama karatasi mpya aliyoichapa. Makundi yote ni yangu, kwa mpangilio wangu, hadi na mkato nilioukosea. Limebadilika moja tu. Mimi niliandika "maji tuli". Yeye kaweka "maji mafu".

"Wifi, hapa umebadilisha."

"Nimeboresha kidogo. Si hayaendi? Basi mafu."

Nikaelewa. Mwizi wa baiskeli huipaka rangi. Alitaka kazi ionekane yake, akabadilisha neno moja, na katika maneno yote akalichagua lile ambalo halibadilishwi. Maji tuli ndiyo kitalu cha mto. Vifaranga vya samaki haviwezi kushindana na mkondo. Vinakulia pale penye utulivu mpaka vipate mapezi ya kueleweka. Mimi nililipa kundi hilo alama za juu kabisa. Yeye, kwa kuwa limekuwa "mafu", kalishusha hadi chini kabisa, na hakika hakuona tatizo, maana maiti nani humpa alama?

Nilifungua kinywa nimweleze. Nikakumbuka kitanda cha hospitali, na mimi nikipiga simu kumshukuru kwa kunisaidia kuchapa. Nikakifunga. Halafu nikakifungua tena kama kanuni inavyotaka.

"Maji mafu," nikarudia, nikaandika.

Bodi inakaa mwisho wa Septemba, na wavuvi hualikwa. Nitasimama mbele ya watu wote niulize swali moja dogo. Kamba kajisokotea mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kukaa pembeni na kutomkatia.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumepima mistari minne ya kuvuka mto, ukingo hadi ukingo. Upepo. Nimeumwa na nyigu shingoni lakini roho nyeupe.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumepima Mkono.

Hivyo ndivyo kila mtu anavyouita, Mkono, utadhani mto hauna mwingine. Unaachana na mto juu ya kisiwa kikubwa, unazunguka polepole chini ya miti iliyoinama, unarudi chini huko karibu na soko la samaki. Kiangazi maji yake huonekana yamesimama, lakini ukitia kijiti mdomoni mwake pale juu utakiona kinasogea. Unapumua kwa tundu dogo, ila unapumua. Niliutia wavu wa vifaranga mara moja ukatoka mzito, unameremeta wote. Ndugu wawili wa Nahodha wanavua chini ya Mkono huu, na baba yao alivua hapo kabla yao.

"Kina, mita moja na robo," wifi akasoma. "Mkondo, haupimiki. Kundi, maji mafu."

Nahodha akacheka. "Haya ndiyo mafu, dada? Basi na mke wangu ni marehemu, maana akishalala hatikisiki."

"Ni neno la kitaalamu tu," wifi akajibu.

"Aa, kama la kitaalamu sawa."

Nahodha kanitazama mimi. Nilijifanya natafuta kalamu.

Jumanne, 19 Agosti

Wifi ameniletea chai kwenye chupa, na maandazi, na kaniwekea bila iliki kwa sababu anajua iliki hunipa kichefuchefu. Nimeinywa yote kwa chuki.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 25 Agosti

Jana tulikula kwa mama mkwe. Wifi kabeba masufuria, wifi kaosha vyombo, wifi kamsuka mwanangu nywele huku mtoto akisema, "Shangazi, wewe unajua kusuka, mama anavuta tu." Mama mkwe akasema ukoo huu umebarikiwa kuwa na watoto wenye akili, akimtazama bintiye. Bwana Yaishe akaongeza mchuzi.

Nilipokuwa nasugua sufuria lililoungua nilijaribu swali langu kwa sauti ndogo. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kiongozi wetu atueleze, haya maji mafu yamekufa kwa ugonjwa gani?" Zuri, lakini lina utani mwingi. Nikajaribu tena: "Naomba aeleze samaki wa mto huu wanazaliwa wapi." Hilo ndilo. Fupi, halina matusi, na halina mlango wa kutokea.

Sufuria limetakata mpaka nauona uso wangu.

Ijumaa, 29 Agosti

Leo amenitia wasiwasi. Si kwa ubaya; ingekuwa kwa ubaya ningefurahi.

Tulikuwa tumefunga boti kwenye kigogo tukisubiri Nahodha aondoe majani kwenye injini. Wifi alikuwa anashona wavu uliochanika. Anashona vizuri, hilo simnyimi, na tangu tuanze msimu sijamsikia akilalamika jua, njaa wala mbu. Mwaka jana nilikuwa nikisema ni mvivu. Si mvivu.

Akasema bila kuinua macho, "Wifi, yale ya mwaka jana..."

Nilijua kinachokuja. Alikuwa anataka kuomba radhi! Kwenye boti, mbele ya kigogo na Nahodha aliyetupa mgongo, ndiyo anione nimelainika, ndiyo nimkumbatie, ndiyo turudi kwa mama mkwe tukiwa tumeshikana mikono, na jina likabaki lake palepale juu ya kazi. Radhi ya kificho kwa wizi wa hadharani! Na swali langu je? Ningelipeleka wapi?

"Kuna yapi ya mwaka jana?" nikamwambia. "Soma kina, jua linazama."

"Nilitaka tu kusema..."

"Soma kina, wifi."

Akasoma. Nikarudia. Mita tatu.

Jumanne, 2 Septemba

Rasimu ya ripoti imekamilika. Kanuni inataka sahihi mbili, ya msomaji na ya mwandishi. Yake ni kubwa yenye mkia. Yangu nimeitia chini yake, ndogo na safi. Nilisita kidogo, si uongo. Lakini nikikataa atauliza kwa nini, na akiuliza kwa nini atarekebisha. Ripoti inakwenda tu kwa Mhandisi wa njia ya vyombo vya majini aisome kabla ya Bodi. Mhandisi na ripoti zetu! Yule huzitumia kufunikia kikombe.

Alhamisi, 4 Septemba

Joto. Mto umeshuka, mchanga unatokeza katikati. Tishari mbili za mizigo zimekwama.

Jumatatu, 8 Septemba

Kumbe safari hii amesoma.

Kaja ofisini mwenyewe, jasho linamtiririka, ripoti mkononi, anatabasamu. Ni mtu mnene, mcheshi, hana hila. Alimshika wifi mkono kwa mikono miwili.

"Mmeniokoa," alisema. "Vyombo vinakwama katikati kwa sababu maji yanapotea kwenye Mkono. Muda wote huu naambiwa usiguse, samaki, usiguse, samaki. Kumbe ni maji mafu! Mngesema mapema!"

Anataka kuuziba mdomo wa juu wa Mkono kwa tuta la mawe, ili maji yote yaende kwenye njia ya vyombo. Mawe yapo. Tishari iko bure Jumatatu ijayo.

Wifi aliinuka kidogo kwenye kiti. "Si mpaka Bodi ikae, Mhandisi?"

"Penye alama za juu ndipo nasubiri Bodi. Penye alama za chini kabisa kanuni inaniruhusu nianze, wao wabariki baadaye. Nanyi mmeandika chini kabisa, sahihi mbili."

Feni inazunguka. Wifi akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze sikuona kiongozi wala mwizi. Niliona mtu asiye na uhakika anayemtafuta mwenye uhakika.

"Wifi, wewe unaonaje?"

Hapo ndipo ilipokuwa. Sentensi moja tu: Mkono haujafa, alama zimepinduliwa. Ningeisema pale, Mhandisi angeguna, wifi angefuta neno, ripoti ingetengenezwa mezani kati ya watu watatu na feni, na mwisho wa mwezi angesimama mbele ya Bodi na ripoti safi, kazi yangu kwa mara ya pili, safari hii ikiwa imenyooshwa na mimi mwenyewe.

"Wewe ndiye kiongozi, wifi," nikasema.

Alifikiri. Aliitazama karatasi, alama za chini kabisa, akaziamini kwa sababu alikuwa ameziandika. "Basi sawa," akasema.

Mhandisi akaomba maji ya kunywa.

Jumanne, 9 Septemba

Mawe hutolewa. Aliyeyaweka anaweza kuyatoa. Jumatatu wanaweka, Ijumaa ya wiki inayofuata Bodi inakaa, nitauliza swali langu, na Bodi itaamuru yatolewe. Mkono umeshapita viangazi vibaya zaidi ya hiki.

Nimeyaandika haya mara moja na sitayarudia, maana nikiyarudia nasikia yanavyolia.

Jumatano, 10 Septemba

Namba ya Mhandisi ninayo. Nimefungua simu, nimeifunga. Bwana Yaishe kaniuliza mbona sili. Nimemwambia jino.

Alhamisi, 11 Septemba

Bado jino.

Jumatatu, 15 Septemba

Wameanza asubuhi. Jiwe likianguka majini hutoa sauti nzito unayoisikia tumboni kabla ya sikioni. Nahodha alizima injini tukaangalia kwa mbali. Hakufanya utani wowote. Ndugu zake wamesimama ukingoni na wenzao, mikono nyuma, wanatazama kama watu wanaotazama nyumba ya jirani ikivunjwa kwa amri ya serikali.

"Watafungua lini?" Nahodha kauliza.

"Si mafu hayo?" mmoja wa vibarua wa tishari kajibu kwa sauti. "Wamesema wenyewe wataalamu."

Wifi kashika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nasubiri furaha ije. Nilijiambia itakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Leo siyo siku yake.

Ijumaa, 19 Septemba

Sijui nianze wapi.

Nahodha alitupigia simu asubuhi twende Mkononi, hakusema kwa nini. Tulinusa kabla ya kufika. Maji yamegeuka kijani, ya moto ukiyatia mguu, na yamejikusanya kwenye madimbwi yaliyotengana. Juu ya maji kila mahali kulikuwa na vinywa. Vifaranga, maelfu, vinywa juu, vinavuta hewa isiyokuwamo majini. Kandokando vilivyokwisha kufa vimelala, na kunguru wameshiba hadi hawana haraka.

Wifi hakuvua hata viatu. Alichukua ndoo ya boti akaingia hadi mapajani, akawa anachota na kupanda ukingo, anamwaga mtoni, anarudi. Anachota, anapanda, anarudi. Kofia yake ilianguka majini, akaikanyaga bila kuiona.

"Kwa nini vinakufa?" alikuwa ananipigia kelele. "Wifi! Havikutakiwa kuwapo humu! Makundi yanasema..."

Akasimama. Nikamwona anavyolifikia jibu. Ndoo inamwaga maji ubavuni, naye anatazama tu.

"Tuli," akasema. "Wewe uliandika tuli."

Na mimi, Mungu ananiona, nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu Agosti, na likaja, na nikapata kile nilichotaka, uso wake wote ukiwa wazi mbele yangu. Ilikuwa tamu. Nitasema kweli humu kama sitaisema penginepo, ilikuwa tamu kwa muda wa kumeza mate.

"Niliandika nini?" nikamwambia. "Si uliboresha?"

Alirudi kuchota. Nahodha alikuwa ameshavua shati na kulifanya wavu. Basi nami nikachukua sufuria la chai nikaingia, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusimama ambapo ningeweza kuangalia tu. Tulichota mpaka mikono ikagoma. Tulivyovipeleka mtoni mkondo ulivisomba palepale, vidogo mno kuogelea, na samaki wakubwa walikuwa wameshajua tunapomwagia.

Jumapili, 21 Septemba

Hatukwenda kwa mama mkwe. Wifi hajapokea simu ya mtu yeyote.

Ijumaa, 26 Septemba

Bodi imekaa.

Ukumbi ulijaa. Wavuvi walikuwa nyuma wamesimama, harufu ya Mkono bado iko kwenye nguo zao. Mhandisi alikaa kiti cha pembeni, hana utani, kila mara anafuta shingo. Wifi alikaa mbele na ripoti mapajani. Nilivaa gauni langu la kijani nililolinunua kwa ajili ya siku hii.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna swali nilinyoosha mkono kabla ya mtu yeyote. Sauti yangu ilitoka nzuri, kama nilivyoizoeza.

"Naomba kiongozi wetu aeleze, samaki wa mto huu wanazaliwa wapi?"

Nyuma wakaanza kunguruma. Ilikuwa kama nilivyoota, kila kitu mahali pake.

Wifi alisimama. Nilitarajia alie, ajitetee, atafute maneno ya kitaalamu. Nilikuwa na jibu kwa kila kimoja.

"Wanakulia kwenye maji tuli," alisema. "Mkono ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote. Mimi niliandika maji mafu, na mimi niliushusha alama. Mhandisi aliniamini. Kosa ni langu."

Mwenyekiti alitaka kusema kitu, wifi akainua mkono.

"Sijamaliza. Makundi yale si yangu. Ni ya wifi yangu huyu aliyeuliza. Aliyatunga yeye, mwaka jana, mama yake akiwa hospitali. Niliyachukua nikayaita yangu, na nikabadilisha neno moja ili yasifanane na yake. Yeye aliandika tuli. Alikuwa sahihi toka mwanzo, anajua Mkono ule kuliko mtu yeyote humu ndani. Jina linalostahili kuwa juu ni lake, naomba liandikwe hivyo leo."

Watu waligeuka kunitazama. Mwenyekiti aliinamisha kichwa kwa heshima. Mtu wa mbele alianza kupiga makofi, wawili watatu wakamfuata. Kila nilichokililia nimepewa, hadharani, kwa kinywa chake mwenyewe, bila kupunguziwa. Hata sasa sijui kama ilikuwa toba au kama wifi ana akili kunishinda. Huenda ni vyote viwili.

Makofi yalikatwa na Nahodha. Hakunyoosha mkono. Alisema tu kutoka nyuma, kwa sauti ileile anayonitahadharisha nayo nisigonge kichwa kwenye tawi.

"Samahani, Mwenyekiti. Mimi nilikuwamo kwenye boti. Dada huyu ndiye alikuwa anaandika. Kila dada yule akisema mafu, huyu anarudia mafu. Sasa kama yeye ndiye anayejua ni tuli, na alijua toka siku ya kwanza, na siku Mhandisi alipokuja alijua..." Alinigeukia mimi, akamwacha Mwenyekiti. "Dada, ulinyamaza kwa nini?"

Nilitazama gauni langu. Nilisikia feni. Nilitafuta kanuni, nilitafuta cheo, nilitafuta mama yangu hospitalini, vyote vilikuwapo na hakuna kilichotosha. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, ukweli ulitoka wenyewe.

"Nilikuwa naisubiri leo."

Ndugu mmoja wa Nahodha alivaa kofia yake akatoka, na wengine wakamfuata mmojammoja, polepole, bila kuburuta kiti.

Jumamosi, 27 Septemba

Bwana Yaishe amesikia yote mjini. Amekaa mkabala nami mezani mpaka chakula kimepoa, na hajasema lile neno.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bodi imeamuru mawe yatolewe, lakini mkondo mdomoni umeshakuwa mkali na tishari haiwezi kusimama. Mpaka kiangazi kijacho.

Na barua imekuja. Mimi ndiye kiongozi wa tathmini. Hawana mwingine anayejua makundi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kazi ya kwanza ya kiongozi mpya ni kupima kilichobaki kwenye Mkono. Nahodha ameomba boti nyingine, na amepewa. Niliuliza ofisini nani atakuja kunisomea vyombo, kila mtu akawa na shughuli. Nilipofika gatini wifi alikuwa ameshakaa ndani ya boti, ameshatoa kipimo cha mkondo kwenye sanduku. Aliwasha injini mwenyewe. Hatukusalimiana, lakini aliniachia nafasi kavu.

Mvua ilikuwa ya rasharasha. Maji yamepanda kidogo, hayajafika juu ya tuta. Yeye alikaa nyuma akisoma, mimi mbele na ubao wa kuandikia magotini.

"Kina, mita moja."

"Mita moja."

"Sakafu, tope."

"Tope."

Alitumbukiza wavu wa vifaranga, akauvuta taratibu hadi mwisho kama tulivyofundishwa, akaugeuza, akapekua kila kona kwa vidole.

"Samaki wachanga, hakuna."

Nilimwambia sikusikia vizuri, mvua. Wifi alinitazama, akajua kuwa nimesikia. Kisha akasema tena, taratibu, neno kwa neno, akasubiri mpaka niliporudia kwa sauti na kuandika.